Sufuria moja, matumbo mawili: mlo wa kuondoa na kurudisha ndani ya nyumba ya Kampala

Kwa miaka mitatu nililaumu chapati. Nikila rolex, ile chapati iliyoviringishwa na mayai, asubuhi pale steji ya boda, jioni tumbo limejaa kama ngoma, kifungo cha sketi kinagoma, na usiku nageukageuka nikitafuta ubavu usiouma. Nikaacha chapati. Nikapata nafuu wiki moja, kisha mambo yakawa yale yale. Nikaacha maharage, nikaacha maziwa, nikaacha na kabichi kwa sababu shoga yangu mmoja aliapa kwamba kabichi ndiyo mchawi. Ikafika mahali nakula posho (ugali wa mahindi), mukene (dagaa) na mboga ya dodo (mchicha) kila siku, na ungeniuliza ni chakula gani hasa kinanidhuru, nisingekuwa na jibu.

Watu wa namna yangu ni wengi hapa mjini. Huyu kaacha ngano, yule kaacha maziwa, mwingine hagusi maharage tangu alipomaliza shule ya bweni. Wengi wameacha kwa kubahatisha, na karibu wote hawajawahi kukirudisha walichokiacha ili waone kama kweli ndicho chenye kosa. Fundo lenyewe liko hapo. Ukiacha chakula ukapata nafuu, bado hujathibitisha kitu. Huenda siku hizo ulilala vizuri, huenda ulikula kidogo zaidi, huenda tumbo lilikuwa linapoa lenyewe. Ushahidi huja siku unapokirudisha.

Njia ya kufanya hivyo kwa utaratibu ina umri mkubwa. Albert Rowe, daktari wa mzio wa California, alikuwa akiwapangia wagonjwa wake milo ya kuondoa vyakula tangu miaka ya 1920. Mwaka 2005 Peter Gibson na Sue Shepherd wa Chuo Kikuu cha Monash, Australia, wakaleta aina inayotumika zaidi leo kwa watu ambao tumbo linajaa, linakata, mara wanaharisha, mara choo kinafunga, na kila kipimo kinasema hawana kitu. Madaktari huuita ugonjwa huo kwa herufi tatu, IBS. Mlo wenyewe una hatua tatu: unaondoa vyakula fulani kwa wiki mbili hadi sita, unavirudisha kimoja kimoja, halafu unabaki na mlo wako mwenyewe wenye makatazo machache iwezekanavyo. Watu wengi wakiupata kwa jirani au kwenye simu, wanapewa hatua ya kwanza peke yake. Wanaondoa, wanakaa humo, mwaka unapita.

Mume wangu hakuwa na shida ya tumbo. Aliponiona nimekaa mezani naliangalia sahani kama mtu anayesubiri hukumu, akasema, "Mama watoto, tuufanye pamoja. Nitakula unachokula." Yeye ni mtu wa Arua, mimi kwetu Busia, lugha ya nyumba ni Kiswahili kwa sababu wote wawili tulikulia kambini, watoto wa wanajeshi. Nyumbani kwetu tunapika sufuria moja. Kumpikia mtu mmoja sufuria yake ya kando ni kumtenga, na nilijua nikitengwa siku kumi nitaacha. Kwa hiyo neno lake lilikuwa zawadi. Halikuwa jepesi kama tulivyodhani, na nitalirudia.

Kwanza kabisa, kabla ya kuondoa hata jani la mboga, nenda ukapimwe. Hili ninalisema kwa moyo wote, maana hapa kwetu kila tumbo linalouma linaitwa alsa, yaani vidonda vya tumbo, na kutibiwa kwenye duka la dawa. Choo kipimwe vimelea kama amiba na jiadia, na minyoo. Jiadia hukwaruza ukuta wa utumbo mwembamba, na mtu aliyetoka kuugua anaweza kushindwa na maziwa kwa wiki kadhaa, akadhani maziwa ndiyo adui yake wa maisha. Anayeishi kando ya Ziwa Victoria au Ziwa Albert aulizie kichocho cha matumbo. Bakteria wa tumboni aitwaye Helicobacter pylori naye ana kipimo chake na dawa zake. Kuna pia ugonjwa wa siliaki, ambapo gluteni, protini ya ngano, huufanya mwili uushambulie utumbo wake wenyewe. Kipimo chake cha damu kinatafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili huwatuma kwa sababu ya gluteni, na ukiacha ngano askari hao hupungua, kipimo kinatoka safi wakati ugonjwa upo. Miongozo ya Uingereza inataka mtu awe anakula ngano zaidi ya mara moja kwa siku kwa angalau wiki sita kabla ya kupimwa. Ukianza na mlo, unajifungia mlango wa kujua.

Kama kuna damu kwenye choo, unakonda bila kutaka, una homa, tumbo linakuamsha usingizini, damu imepungua, au shida imeanza baada ya miaka 50, usianze mlo wowote. Nenda hospitali. Mjamzito, mtoto, mtu aliyekonda tayari na mtu anayejichoma insulini wasiujaribu bila daktari. Na yule ambaye akila karanga au samaki midomo inavimba, ngozi inatoka mabaka, pumzi inabana ndani ya dakika chache, huyo ana mzio wa kweli. Chakula chake hakirudishwi nyumbani kwa majaribio, kwa sababu jaribio hilo linaweza kumuua. Kuhusu vile vipimo vya damu vinavyotoa orodha ndefu ya vyakula vya kuacha kwa kupima kingamwili za IgG, vyama vya madaktari wa mzio vya Ulaya na Marekani vimekataa visitumike. Kingamwili hizo zinaonyesha tu kwamba umewahi kula chakula hicho.

Sasa tuingie tumboni. Monash walizikusanya sukari za namna fulani wakazipa jina moja, fodimapu. Ni wanga mfupimfupi ambao utumbo mwembamba hauumeng'enyi au unaufyonza polepole. Zimo fruktani za ngano, kitunguu maji na kitunguu saumu. Zimo sukari za maharage na kunde nyingine. Imo laktosi ya maziwa. Imo fruktosi ya ziada ya embe na asali. Na zimo zile zinazoishia na "toli", kama manitoli ya uyoga. Zikiwa njiani zinavuta maji kuingia utumboni. Zikifika kwenye utumbo mpana, bakteria wanazichachua na gesi inatoka. Jambo hili linatokea kwa kila binadamu, mzima na mgonjwa. Tofauti ni kwamba utumbo wa mwenye IBS unahisi kwa ukali kile ambacho wa mwenzake haujali. Kwa hiyo ukipata gesi baada ya maharage hujaugua, umekula maharage.

Jambo la pili, na hili ndilo lililonipoteza miaka mitatu, ni muda. Laktosi inaweza kukusumbua ndani ya nusu saa hadi saa mbili. Fruktani na sukari za maharage zinahitaji kwanza kufika kwenye utumbo mpana, kwa hiyo saa nyingi hupita, wakati mwingine hadi kesho yake. Mtu anakula kikomando, chapati iliyokatwakatwa na maharage, saa saba mchana, tumbo linajaa saa tatu usiku, analaumu chai ya jioni. Mimi nililaumu rolex ya asubuhi bila kuhesabu mchuzi wa vitunguu wa jana usiku.

Jambo la tatu ni jumla. Fodimapu zinajazana kama maji ndani ya ndoo. Chapati moja inaweza kupita salama. Chapati, maharage na kachumbari kwa pamoja, ndoo inamwagika. Iangalie kikomando: ngano chini, maharage juu, kitunguu katikati. Hakuna kimoja chenye hatia peke yake, na anayetafuta mkosaji mmoja hatampata.

Jikoni kwetu mambo yalikuwa mepesi kuliko nilivyoogopa, na naona Uganda ni nchi nzuri ya kufanyia mlo huu kuliko zile zinazoishi kwa mkate. Mchele unaruhusiwa, viazi mviringo vinaruhusiwa, posho, mayai, nyama, kuku, samaki, karanga, simsim (ufuta), karoti, bilinganya, nyanya kwa kiasi, sukuma wiki, papai, nanasi, machungwa. Matoke tunayapika yakiwa mabichi, nayo ndizi ngumu ina fruktani kidogo. Ni ile iliyoiva hadi kutoka madoa ambayo ina nyingi. Chai ya rangi yenye tangawizi na sukari ya kawaida haina shida. Mukene, kwa kuwa tunawala na mifupa yao, walitupa kalisi wakati maziwa yamesimama.

Kilichotutesa ni kitunguu. Huwezi kujua kitunguu kimeingia wapi hadi siku unapokikwepa. Kimo kwenye mchuzi, kwenye sambusa, kwenye unga wa mchuzi wa pakiti, kwenye pilau ya msibani. Na mchuzi usio na kitunguu, kwa ulimi wa mtu wa kwetu, ni maji ya moto yenye chumvi. Dawa yake iko kwenye sifa moja ya fruktani: zinayeyuka ndani ya maji, haziyeyuki ndani ya mafuta. Nikawa nafanya hivi. Natia mafuta kwenye sufuria juu ya sigiri ya makaa, moto mdogo, nakata kitunguu vipande vikubwa vya kuonekana, naweka na punje mbili za kitunguu saumu nzima. Naacha hadi kingo zianze kuwa za dhahabu na jirani aanze kuuliza leo mnapika nini. Kisha naopoa vyote kwa mwiko wa matundu, nahesabu nisiache kipande, ndipo natia nyanya. Nyanya zikitangulia, maji yake yanazivuta fruktani zote kwenye mchuzi na kazi imeharibika. Majani mabichi ya kitunguu, yale ya kijani yanayouzwa kwa kifungu sokoni, nayo yanafaa, ila sehemu nyeupe ya chini inakatwa.

Maharage tuliyaacha wiki nne. Yaliporudi, tulikuwa tunayaloweka usiku kucha, tunamwaga maji, tunayachemsha kwa maji mapya na kuyamwaga tena. Sukari zake zinatoka na maji. Haziishi, zinapungua, na kupungua kunatosha kwa wengi.

Narudi kwa mume wangu. Yeye ni fundi wa magari, anainua vyuma kutwa. Wiki ya tatu suruali zikawa zinamshuka, kilo tatu zimeondoka bila sababu yoyote isipokuwa mapenzi. Nilimwambia aache. Akakataa. Tukakubaliana aongeze karanga, viazi na mayai, na chakula cha mchana huko gereji ale anachotaka. Hapo ndipo nilipoelewa jambo ambalo sikulisikia popote: mwenzako akifunga pamoja nawe, faida yake kubwa kwako si kwamba mmenyimwa pamoja. Faida ni kwamba unapata kipimo cha kulinganishia. Watu wawili wamekula sufuria moja, wamekunywa maji ya mtungi mmoja, wamelala chumba kimoja. Likitokea jambo kwa mmoja tu, litafute ndani ya mwili wake. Likitokea kwa wote wawili, litafute ndani ya sufuria.

Tuliliona usiku wa maharage. Nilikuwa nimeyarudisha kwa mara ya kwanza, vijiko viwili vya kulia. Saa nane usiku naharisha. Nikasema basi, nimepata jibu, maharage kwaheri. Nikiwa nje nikasikia mlango, na yeye huyo anakuja na taa ya simu, ameshika tumbo. Yeye ambaye maharage ameyala tangu utotoni bila hata kucheua. Maharage hayakuwa na kosa. Yalikuwa maji, au zile nyama tulizopasha moto, sijui lipi, lakini kwenye daftari niliandika: "Jaribio limeharibika, rudia baada ya siku saba." Nikarudia, vijiko viwili, kisha vinne, kisha kikombe. Gesi kidogo, maumivu hapana. Kama ningekuwa peke yangu usiku ule, leo nisingekuwa nakula maharage, na katika nchi hii mtu asiyekula maharage ameacha chakula kikubwa cha bei nafuu chenye protini, chuma na nyuzinyuzi.

Madaftari yawe mawili. Hili tulikosea mwanzo. Tulikuwa na moja, naye akawa anaandika baada ya kusoma nilichoandika mimi. Nikiandika "tumbo limejaa", na yeye analisikia lake limejaa. Tukatenganisha, kila mtu anaandika jioni peke yake: amekula nini, saa ngapi, tumbo kwa alama kutoka 0 hadi 10, choo kikoje, amelalaje. Kwangu niliongeza siku za mwezi, maana kabla ya hedhi tumbo langu hujaa hata nikinywa maji matupu, na jaribio la siku hizo halisomeki.

Kurudisha kwenyewe kuna mpangilio. Mlo wa msingi unabaki ule ule wa makatazo. Unachukua chakula kimoja kinachowakilisha sukari ya aina moja: maziwa kwa laktosi, asali au embe kwa fruktosi, maharage kwa sukari za kunde, kitunguu kwa fruktani, na ngano kivyake. Siku ya kwanza kidogo, ya pili zaidi, ya tatu kiasi cha mtu wa kawaida. Kisha siku mbili tatu za kupumzisha tumbo kabla ya kingine. Wiki sita hadi nane zinaondoka hapo. Ni kazi ya uvumilivu, na watu wengi huchoka katika hatua hii, kwa sababu wamepata nafuu na wanaogopa kuichezea.

Hofu hiyo ina nguvu ya kuumiza tumbo kweli, na ya kutufanya tumlaumu asiye na kosa. Mwaka 2018 watafiti wa Norway walichapisha utafiti wa watu 59 walioamini kwamba gluteni inawadhuru, ambao hawana siliaki. Waliwapa vipande vya nafaka kwa wiki tofauti: vyenye gluteni, vyenye fruktani, na visivyo na chochote kati ya hivyo, bila mla kujua amepewa kipi. Fruktani ziliwasumbua zaidi ya gluteni. Kumbe huenda wengi waliokimbia ngano kwa sababu ya gluteni walikuwa wanakimbia sukari iliyomo humo humo, ile ile iliyomo kwenye kitunguu.

Tukaiga mbinu hiyo nyumbani. Mume wangu akapika mchuzi wa karanga mara sita ndani ya wiki tatu, mimi nikiwa nimetolewa jikoni. Mara tatu alitumia mafuta yaliyopikiwa kitunguu na kuopolewa. Mara tatu aliongeza humo kitunguu nusu kilichosagwa. Harufu ni moja, ladha ni moja, karanga inafunika yote. Aliandika kwenye simu yake ipi ni ipi, mimi naandika tumbo kwenye daftari langu. Mwisho tukalinganisha. Mara mbili kati ya sita niliandika "leo kitunguu kimo, nakisikia kabisa", alama 6, na hakikuwemo. Zile tatu zenye kitunguu, mara mbili tumbo lilikuwa 7 na mara moja 2. Nilikaa na ukurasa ule muda mrefu. Kitunguu kinanisumbua, hilo lipo. Lakini sehemu ya maumivu yangu ya miaka mitatu ilitoka kwenye kusubiri maumivu. Maumivu yalikuwa ya kweli, gesi ilikuwa ya kweli. Utumbo una mishipa mingi ya fahamu inayozungumza na ubongo, na ukiutarajia ubaya, unaukaza.

Kwa upande wa maziwa, ajabu ikampata mume wangu. Binadamu huzaliwa na kimeng'enya cha laktesi cha kumeng'enya laktosi, na kwa wengi duniani kinapungua baada ya utoto. Karibu theluthi moja tu ya watu wazima hubaki nacho. Mwaka 2007 Sarah Tishkoff na wenzake walionyesha kwamba baadhi ya watu wa Tanzania, Kenya na Sudan wana mabadiliko yao wenyewe ya urithi yanayokilinda kimeng'enya hiki, tofauti na yale ya Wazungu; yalienea katika uzao wa wafugaji kwa sababu ya maziwa ya ng'ombe. Ndiyo maana nduguyo wa kabila la wafugaji anabugia kata nzima ya maziwa, na wewe glasi moja tumbo linanguruma.

Mume wangu alirudi kwenye maziwa kwa vikombe viwili kwa mpigo baada ya wiki sita. Tumbo likamnguruma hadi mtoto akacheka. Akataka kuapa kwamba hayanywi tena. Hapo kuna mtego. Ukikaa muda mrefu bila laktosi, bakteria wa utumbo mpana wanaoizoea hupungua, na siku ya kuirudisha kwa pupa utaumia hata kama zamani hukuwa na tatizo. Kuondoa kwenyewe kumeleta udhaifu. Akaanza upya, robo kikombe na chakula, akaongeza polepole kwa siku kumi. Kikombe cha mililita 250 kina laktosi gramu 12 hivi, kiasi ambacho watu wengi hata wasio na laktesi ya kutosha hukistahimili kwa mara moja. Leo anakunywa kimoja asubuhi, kingine jioni, na tumbo liko kimya. Mtindi haukumsumbua hata mwanzo, kwa kuwa bakteria wa mtindi wamekwisha kula sehemu ya laktosi. Sababu nyingine ya kutokukaa kwenye hatua ya kwanza ni hiyo hiyo: baadhi ya sukari tunazoziondoa ni chakula cha bakteria wema, na utafiti umeonyesha bakteria aina ya Bifidobacterium hupungua kwa wanaoshikilia makatazo.

Mamamkwe alikuja kutoka Arua katikati ya haya yote, na mfuko wa simsim, samaki wa moshi na maharage mapya. Nilikuwa naogopa. Kumkatalia mama chakula alichokibeba kwenye basi usiku kucha ni neno linalokaa miaka. Mume wangu ndiye aliyesema naye, mimi nikiwa nimepiga magoti kusalimia: "Mama, daktari ametupa wiki nne za kujua tumbo linakataa nini. Simsim na samaki tunakula leo. Maharage yako tunayatunza, ndiyo tutakayoanza nayo." Akauliza tu kama watoto nao wamenyimwa. Tukamwambia hapana, watoto wanakula kila kitu. Akaridhika, akaenda kuwapikia.

Ukurasa wa mwisho wa daftari langu unasema hivi: ngano, chapati moja sawa, mbili na maharage hapana. Maziwa sawa. Asali sawa. Maharage ya kuloweka, kikombe sawa. Kitunguu, kijiko kimoja kilichoiva sawa, kibichi hapana. Embe moja sawa, mbili tumbo linaanza kusema. Uyoga bado. Fenesi bado, tunasubiri la jirani liive, na safari hii mume wangu ndiye atakayepima vipande na kuandika, mimi nile nikiwa nimeangalia pembeni.